Injini ya Pikapu Imechemsha: Tuifungue au Tununue Nyingine?



Wiki hii nilikusudia kuandika juu ya kupogoa michungwa baada ya mavuno, na nitaandika. Lakini tangu mwezi uliopita watu wanne wameniuliza swali moja lisilohusu majani wala mizizi. Wawili wa Muheza, mmoja wa Mkinga, mmoja wa Mombo. "Bwana Shamba, injini imekufa. Tuitengeneze au tununue nyingine?"

Najua wapo watakaosema afisa ugani na injini wapi na wapi. Mimi si fundi, na sitajifanya fundi hapa. Ila nimekaa vikao vingi vya vikundi na nimeona pesa za wakulima zinapopotelea. Ukikosea dawa ya wadudu hasara ni laki mbili, tatu. Ukikosea injini ni mamilioni, tena yanaondoka kwa siku moja, kwa kupigiwa simu tu. Kwa hiyo leo nawasimulia kisa cha kikundi kimoja ninachokihudumia, maana nilikuwepo mwanzo hadi mwisho na hesabu zao ninazo kwenye daftari.

Kikundi kina wanachama 13, wote wa machungwa, wako Muheza upande wa chini ya mlima Magoroto. Miaka mitatu nyuma walichanga wakanunua Toyota Hilux, pikapu ya mlango mmoja mmoja, kutoka kwa mtu wa pwani ya Mkinga aliyekuwa akibebea nazi na dagaa. Injini yake ni 3L. Wanaoijua wanaijua: dizeli, silinda nne, cc 2,779, haina turbo wala kompyuta. Ni injini ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua chini ya mwembe. Nalitaja hilo mapema kwa sababu lina uzito kwenye uamuzi, nitalirudia.

Sasa ilikuwa mwezi wa sita, machungwa yamechanganya, na mnunuzi kutoka Mombasa anasubiri mzigo Tanga mjini ili avuke nao Horohoro. Pikapu ikatoka Muheza saa tano asubuhi imejaa hadi juu ya bodi. Kabla ya Pongwe mshale wa joto ukapanda. Dereva, kijana msikivu kabisa, akaona. Akajiambia Tanga si mbali, nitafika. Akaendelea mpaka gari lilipoanza kukosa nguvu na mvuke kutoka kwenye boneti. Akasimama, akaazima ndoo ya maji kwenye nyumba ya jirani, akamwagia injini.

Hapo palikuwa na makosa mawili, na la pili ni baya kuliko la kwanza. Chuma kilichochemka ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka, kama chungu cha moto ukikitia maji. Mshale ukipanda, simama pale pale, zima injini, fungua boneti, kaa kivulini nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta usikiguse, kitakuunguza uso. Kama huna namna ya kusimama hapo hapo, labda uko kwenye daraja, washa hita ya gari hadi mwisho na ufungue vioo. Utatokwa jasho, lakini hita inachota joto kwenye maji ya injini na kulileta ndani kwako, na hiyo inaweza kukusogeza mita chache hadi mahali salama.

Injini ilipopoa akajaza maji, akapiga stata. Iliwaka, lakini ilitoa moshi mweupe kama inapikiwa ndani, na kijiti cha kupimia oili kilipotolewa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Machungwa yalihamishiwa kwenye Canter ya kukodi na pikapu ikavutwa hadi Ngamiani.

Fundi wa kwanza hakuchukua hata dakika kumi. Alitazama kijiti, akanusa, akasema: "Hii imenoki, mzee wangu. Mkiifungua mtalia. Nipeni milioni nne na nusu niwaagizie injini Dar, Gerezani pale, kesho kutwa iko hapa." Mwenyekiti alikuwa tayari. Mnunuzi anapiga simu, machungwa yanaanguka, nani ana muda wa kufungua injini?

Naomba nisimamishe kisa kidogo niseme langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue mdomo siku ile. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na gari dogo, injini ikachemsha, nikaambiwa maneno hayo hayo, nikanunua injini ya mtumba kutoka Japani. Ilifungwa vizuri, ikaimba vizuri. Miezi minne baadaye ikachemsha na yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameuliza ile ya kwanza iliuawa na nini. Rejeta ilikuwa ile ile, feni ile ile, na mimi yule yule. Nililipa injini mbili kwa kosa la rejeta moja. Mkulima akiniambia mche wake umekufa na anataka mwingine wa kupanda shimo lile lile, huwa namwambia subiri kwanza tuung'oe tuone mizizi. Kwa gari langu sikufanya hivyo.

Basi nikamwambia mwenyekiti kwamba kabla ya kuchagua kutengeneza au kununua, lazima tujue nini kimekufa na kwa nini. Naye mweka hazina, mama mmoja mtaratibu asiyependa maneno mengi, akasema: "Ifunguliwe. Lakini tuweke mpaka kabla haijafunguliwa."

Mpaka wake ulikuwa huu. Tutaandika gharama yote ya kubadilisha injini, si bei ya injini peke yake. Halafu tukishafungua, matengenezo yakizidi nusu ya gharama hiyo, tunabadilisha. Yasipozidi, tunatengeneza. Nilimuuliza kwa nini nusu. Akasema hata mbuzi akiumwa, ukishatumia nusu ya bei ya mbuzi kwenye dawa, unaanza kujiuliza. Haikuwa sayansi, na wewe unaweza kuweka theluthi mbili ukipenda. Faida yake ni kwamba mpaka uliwekwa injini ikiwa bado imefungwa. Ikishafunguliwa na kutandazwa kwenye turubai, kila kinachodaiwa kinakuwa "elfu hamsini tu, mama, tumeshafika mbali." Mtu hawezi tena kurudi nyuma. Nimeona watu wameingia milioni nne hamsini hamsini.

Gharama ya kubadilisha tuliiandika tukiwa tumekaa kwenye benchi la gereji. Injini 4,500,000. Usafiri wake kutoka Dar 150,000. Ufundi wa kushusha ya zamani na kufunga ya pili 300,000. Mkanda wa taimingi mpya, sili za oili, filta, oili na kulanti 350,000. Hapa fundi alibisha, akasema injini inakuja na mkanda wake. Kweli inakuja nao, ila hujui umekimbia kilomita ngapi. Toyota hizi za dizeli zina taa ya mkanda inayowaka kwenye dashibodi kila kilomita 100,000, na mkanda ukikatika barabarani vali zinakutana na pistoni, umerudi ulipotoka. Injini ya mtumba inafungwa na mkanda mpya, sina mjadala. Rejeta 450,000. Jumla 5,750,000. Fundi alikuwa ametuambia milioni nne na nusu.

Nusu yake ni 2,875,000. Mama akaiandika kwenye ukurasa peke yake na kuipigia mstari.

Tukampa kazi ya kufungua fundi mwingine, mtu mzima, ambaye sifa yake kubwa ni kwamba ana vipimo na anavitumia. Ushauri wa bure: fundi anayesema hali ya injini kwa kuitazama, mshukuru na umwache. Bloku, silinda na krenki haviamuliwi kwa macho. Kama humjui fundi wa namna hiyo, ulizia walimu wa magari pale VETA Tanga, watakuelekeza kwa vijana wao waliosomea.

Alichokikuta ni hiki. Gasketi ya silinda hedi imeungua katikati ya silinda ya tatu na ya nne, ndiyo maana maji yalipita. Hedi imepinda. Aliweka rula ya chuma juu yake na kupenyeza vibati vya kupimia nafasi, na kumbuka hata robo milimita inatosha kuiua gasketi mpya. Hedi iliyopinda peke yake si msiba, inasagwa kwenye karakana ya kukereza vyuma ikawa bapa tena, mradi haijasagwa kupita kiwango chake. Lakini yule mzee hakuishia hapo. Aliipeleka wakaiziba matundu, wakaingiza hewa, wakaizamisha majini. Povu likatoka karibu na vali ya silinda ya tatu. Ufa. Ndoo ile ya maji ya Pongwe.

Silinda zikapimwa. 3L ikitoka kiwandani silinda zake zina kipenyo cha milimita 96. Tatu zilikuwa zimelika kidogo kwa uzee wa kawaida, ya tatu ilikuwa imekwaruzwa na pistoni yake, mikwaruzo unaisikia kwa ukucha. Hapo silinda zote nne zinatanuliwa nusu milimita na kuwekwa pistoni za saizi ya ziada. Usikubali itanuliwe moja tu, injini haitatulia. Krenki ikapimwa, ikakutwa nzima. Bloku nzima. Hizo mbili ndizo nilizokuwa nikiziombea kimoyomoyo, kwa sababu bloku ikipasuka au konrodi ikitoboa ubavu wa injini, hakuna kikao tena, unanunua nyingine.

Halafu akatuonyesha rejeta. Aliikata tangi la juu kwa moto akaliinamisha tuone. Vile vijibomba vyembamba vya kupitisha maji, karibu nusu vilikuwa vimeziba kwa ukoko mweupe, mgumu, kama ule wa kwenye birika la siku nyingi. Ndani ya mifereji ya maji ya bloku ukoko ule ule.

Nilipouona nikacheka kwa uchungu, maana ule si ugonjwa wa magari, ni ugonjwa wa maji, na maji ni kazi yangu. Gari hili lilikaa miaka pwani ya Mkinga. Visima vingi vya pwani yetu vina maji ya chumvi au maji magumu, wenyewe mnajua, sabuni haitoi povu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akijazia rejeta kutoka kisimani kwake, kikundi nacho kikaendelea kujazia popote dereva aliposimama. Maji ya namna hiyo yakichemka yanaacha ukoko, na chumvi inakula chuma. Ndiyo hayo hayo yanayoziba mabomba ya umwagiliaji wa matone, nimewahi kuwaandikia. Juu ya hapo, thamostati haikuwepo. Kuna fundi zamani aliitoa. Mafundi wengi wa kwetu huitoa kwa imani kwamba ni ya nchi za baridi. Si kweli. Thamostati inaifanya injini ifike joto lake la kazi na kubaki hapo. Ukiitoa, injini inakaa baridi muda mrefu, inakula dizeli na kulika haraka, na kwenye baadhi ya injini maji yanaanza kupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta vizuri.

Kwa hiyo muuaji tulishamjua, na angekuwa bado yumo ndani ya gari hata kama tungefunga injini ya dhahabu.

Sasa hesabu ya kutengeneza. Pistoni na ringi 420,000. Beringi za krenki na konrodi 180,000. Gasketi seti nzima 200,000. Kutanua silinda nne 160,000. Hedi nyingine ya mtumba, iliyojaribiwa kwa hewa mbele yetu, pamoja na vali zake 650,000. Pampu ya maji, mkanda wa taimingi, bilauri yake na thamostati 230,000. Oili, filta, kulanti 200,000. Rejeta 450,000. Ufundi wote, pamoja na kufungua, 450,000. Bei hizi ni za siku ile na watu wale, kwako zitakuwa nyingine, wewe tazama namna ya kupanga. Jumla 2,940,000.

Mpaka ni 2,875,000. Tumeuvuka kwa 65,000.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa mwenyekiti jioni ile. Nilidhani kitakuwa kifupi. Hakikuwa. Mwenyekiti, ambaye mwanzo alitaka kununua, sasa ndiye aliyekuwa anasema mama usitufanyie hivyo, elfu sitini na tano ndiyo itutoe milioni karibu tatu? Mwingine akasema mpaka ukivukwa mara moja si mpaka. Na hoja yake haikuwa ya kijinga: pampu ya dizeli na nozeli hatujazigusa, zikidai mwezi ujao tutasema nini? Kijana mmoja akakumbusha muda. Kununua ni wiki moja, kutengeneza ni wiki tatu, na kila safari ya Canter ya kukodi ni 90,000 wakati safari ya gari letu ni 45,000 ya mafuta na dereva. Safari tatu kwa wiki, wiki mbili za ziada, ni 270,000 nyingine juu ya matengenezo. Hoja nzuri sana hiyo, na watu wengi huisahau. Gari la kazi kila siku linapolala gereji linakula, hata kama hakuna anayeandika.

Tukaijumlisha. Kutengeneza ikawa 3,210,000. Kununua bado 5,750,000.

Mweka hazina alisikiliza wote, halafu akafungua daftari kwenye ukurasa wa fedha taslimu. Kikundi kilikuwa na 3,400,000. Kununua injini maana yake ni kutafuta 2,350,000 nje. Na nje kila mtu alijua ni wapi. Alikuwepo dalali aliyekuwa tayari kuzitoa hata usiku ule, kwa sharti auziwe machungwa yaliyobaki yakiwa mtini, kwa bei anayoijua yeye. Wanachama wanne walikuwa wanategemea machungwa hayo hayo kwa ada za shule. "Mpaka niliuweka mimi," akasema, "na niliuweka kwa sababu ya pesa, si kwa sababu ya injini. Nikiulinda mpaka nikauza miti, nimelinda nini?" Kisha akatoa noti ya elfu tano kwapani kwenye khanga, akaiweka mezani. Wanachama 13, kila mmoja elfu tano. Elfu sitini na tano ile hailipwi na mfuko, tunailipa sisi, ili mpaka ubaki pale pale. Walicheka, lakini walitoa. Wawili walikopeshwa na jirani zao hapo hapo.

Na akaweka masharti kwa fundi: bei imeandikwa, kikiongezeka kitu chochote anapiga simu kabla ya kununua, na vipuri vya zamani vyote vinarudishwa kwetu kwenye gunia. Hilo la gunia lishikeni. Ukirudishiwa pistoni zako za zamani unajua kwamba mpya zimeingia.

Sasa msinielewe vibaya mkadhani nasema kutengeneza siku zote ndio ujanja. Kwa kikundi hiki mambo matatu yalikaa upande wa kutengeneza: bloku na krenki ni nzima, vipuri vya 3L vinapatikana hadi Korogwe, na pesa ilikuwa na kikomo. Badilisha hata moja na jibu linaweza kugeuka. Yule wa Mkinga aliyeniuliza ana gari lenye injini ya 1KZ, hedi yake imepasuka kwa mara ya pili. Injini hiyo ina sifa hiyo mbaya ya kupasuka hedi ikichemshwa, na fundi amemkuta na silinda zimelika pia. Huyo nilimwambia apige hesabu ya kununua, tena afikirie hata kuliuza gari kama lilivyo.

Ukinunua ya mtumba, basi nunua kwa macho yako. Usiagize kwa simu kama unaagiza mbegu. Fungua kifuniko cha oili utazame chini yake: ukikuta ukoko mweupe kama krimu, maji yalishawahi kuingia. Chomoa nozeli moja moja umulike ndani, utazame kama kuna kutu. Izungushe kwa spana kwenye puli ya mbele, izunguke mzunguko kamili bila kukwama. Ikiwezekana isikike ikiwaka. Mgandamizo upimwe, na hakikisha fundi ana geji ya dizeli, kwa sababu geji ya petroli haitoshi, dizeli hizi zinabana hewa takribani mara 22. Dhamana iandikwe kwenye risiti, siku ngapi na inahusu nini. Na namba ya injini isomeke, iandikwe kwenye risiti hiyo hiyo. Kadi ya gari ina namba ya injini, ukibadilisha injini ni lazima taarifa ipelekwe TRA na kadi irekebishwe. Usipofanya hivyo, siku ya ajali au siku ya kuliuza gari ndipo utajua. Kukumbusha tu: injini uliyoambiwa "mpya kutoka Japani" ya gari la miaka ya 90 ina umri ule ule wa gari lako. Upya wake ni kwamba wewe hujaitumia.

Yule wa Mombo swali lake lilikuwa la pawatila, si gari. Kule kwenye skimu ya mpunga zipo nyingi, nyingine za tangu enzi za Kilimo Kwanza, mwaka 2009 na kuendelea. Hapa jibu ni rahisi zaidi. Zile injini za dizeli za silinda moja, za kulala, silinda yake ni slivu inayochomolewa. Unanunua slivu, pistoni na ringi kama seti, unafunga siku moja, na kazi inaendelea. Tengeneza, tengeneza tena, mpaka bloku ikatae. Vivyo hivyo zile Lister za mashine za kusaga, zinazozunguka polepole, ziliundwa ili zifunguliwe na mtu mwenye spana chache. Pampu ndogo za petroli za kumwagilia bustani ni kinyume chake. Ikinoki, seti ya vipuri na ufundi mara nyingi vinakaribia bei ya pampu nyingine. Iondoe, ibakishe kwa vipuri.

Turudi Muheza. Pikapu ilitoka gereji siku ya 24, siku tatu zaidi ya ahadi, na bei haikuzidi. Fundi alitoa sharti kwamba kilomita 1,000 za mwanzo lisibebe mzigo kamili wala lisikimbizwe, halafu oili imwagwe na kuwekwa nyingine. Hapo nusura tugombane tena, kwa sababu machungwa bado yapo na kila mtu anataka tenga lake lipande. Mama akasimama na daftari mlangoni pa ghala siku ya kwanza, akihesabu matenga. Nusu mzigo, safari mbili badala ya moja. Mafuta yaliongezeka, na hilo mimi sikuwa nimeliweka kwenye hesabu zangu, lakini wewe liweke.

Rejeta sasa inajazwa kulanti iliyochanganywa kulingana na maelezo ya dumu lake. Kwa dharura kuna dumu la lita tano la maji ya mvua nyuma ya kiti, yamekingwa kwenye bati la shule baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Kama huna maji ya mvua, jaribu maji yako kwa sabuni ya mche: yasipotoa povu kirahisi, usiyatie kwenye rejeta. Kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, dereva anafungua kifuniko cha rejeta na kuiwasha kwa dakika mbili. Mapovu yakipanda mfululizo, gasketi inaanza. Anatazama kijiti cha oili, anatazama mkanda wa feni, anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele upande wa abiria. Nilipopanda naye wiki iliyopita kwenda Mgandini, mshale ulipita katikati kidogo pale kwenye foleni. Kabla sijasema neno alishawasha indiketa, anaegesha.

Makala ya kupogoa michungwa nitaiweka Jumatatu. Mwenye injini iliyolala, nitumie picha ya kijiti cha oili na ya ndani ya kifuniko cha rejeta, nitamfikishia yule mzee wa Ngamiani. Yeye hatasema mengi kwa picha, ila atakuambia uanze kufungua wapi.